Unyoya chini ya pua

"Munyamazishe mutoto, nimuadhinie sikioni," mwalimu alisema.

Mama mukwe wa binti yangu Waridi akamuziba mutoto kinywa kwa kiganja. Tangu mutoto azaliwe alfajiri, yeye na watu wa nyumba yake walikuwa wanafanya hivyo, na kila alipotulia midomo yake iligeuka rangi ya kaniki. Akilia, wekundu unarudi.

"Hii ni damu ya washenzi," mama mukwe akanena. "Waridi ametuletea jini kutoka kwa kabila lao, Wamaza."

Nikachukua unyoya wa kifaranga, nikauweka chini ya pua ya mutoto. Haukutikisika. Nikaondoa kiganja cha mama mukwe, nikausogeza kinywani, ukaruka.

"Mwalimu, ona. Pua yake imeziba tangu tumboni. Anavuta pumzi kwa kinywa tu."

"Bibi, adhana haisomwi kwenye makelele!"

Mama mukwe akanyoosha kiganja tena. Nikamukamata mukono, nikaukunja mpaka bangili zikagongana. Kwa mukono mwingine nikamufinya mutoto unyayo. Akapasua kilio, mwekundu kama mawese, nami nikaweka kidole kati ya fizi zake zisifungane.

"Haya, mwalimu," nikasema. "Adhini kwa sauti kubwa."