Doa Mkabala na Mlango

Mazol alirudi kutoka sokoni Samarkand, akaganda kizingitini. Mjukuu wake alikuwa ameupaka chokaa ukuta mzima, pamoja na lile doa jeusi mkabala na mlango.

Kwa miaka arobaini, kila walipopaka chokaa kuingoja Pasaka, marehemu mumewe aliliruka doa hilo kwa desturi ya Kiyahudi, liwe ukumbusho wa Hekalu lililobomolewa Yerusalemu.

"Chokaa imekuishia, au mkono umechoka?" Mazol alikuwa akimchokoza.

Naye mumewe alikuwa akicheka. "Nyumba yenye furaha nayo iachiwe pa kulilia, mke wangu."

"Nimekumalizia, Bibi," mjukuu alisema. "Si ulikuwa unalichukia?"

"Sana."

Chokaa ilikuwa bado mbichi. Mazol alitoa kikapuni mtandio wake mpya wa sikukuu, akaanza kufuta.