Sahani ya Bluu

Siku ya nne baada ya kumzika mwanangu mchanga, Providence alisimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Mama, ni minye nilimukula bébé."

Nilikuwa nasonga bukari. Mwiko ukasimama.

Tulimchukua mwaka jana kutoka kituo cha watoto hapa Likasi, akiwa na miaka kumi na mmoja. Watu wa kanisa lake la zamani walikuwa wamemfungia siku tisa bila chakula mpaka akakiri uchawi. Wakwe zangu hawakutaka aingie nyumbani. Mimi nilisimama mbele ya kanisa letu nikasema huyu ni binti yangu, Mungu ndiye amenipa.

Bébé alikufa kwa malaria. Daktari aliandika hivyo, na karatasi yake nimeikunja ndani ya Biblia.

"Nani alikuambia useme vile?"

"Hakuna muntu, mama. Ninasema sasa, musininyime tena chakula."

Kisha akatoa sahani yake kati ya zile nyingine, ile ya plastiki ya bluu niliyomnunulia siku aliyofika, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Uniwekee humu. Nitakulia inje."

Nilijua anadanganya. Nilijua na sababu yake. Maziwa yalikuwa yakinivuja kifuani, yamelowesha blauzi mpaka kiunoni, na hapakuwa na wa kuyanyonya.

Nikampakulia, nikiangalia sana vidole vyetu visigusane.