Kadi Yenye Kelele

Mchana ule mwanangu Kashaija alikuwa akilinganisha kadi mbili za kuchakata picha ndani ya kompyuta yake ya kuhariri video za harusi. Ya kwanza haikupata moto, na feni zake zilizunguka kimyakimya.

“Maji,” mama mkwe wangu aliita kutoka chumbani. Tangu Kwaresima hainuki kitandani.

Kashaija akaichomoa kadi ile, akafunga ya pili. Ikanguruma kama mashine ya kukoboa kahawa.

“Hii inachemka, mama, ila humsikii bibi tena.”

Pazia la mlango likatikisika. Vidole vyembamba vya mama mkwe vilikuwa vimeshika pindo lake, chini kabisa, karibu na sakafu. Alikuwa ametambaa.

Nilibusu msalaba wa rozari yangu.

“Basi iongeze kasi, mwanangu,” nikamwambia.