Aliyeganda Njiani kwa Mikaeli

"Wewe! Huo mwamba si mkeo, uachie!"

Mwanamume yule hakuuachia. Alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili, shavu kalibana kwenye jiwe, macho kayafumba, miguu mitupu kaipachika katikati kabisa ya njia. Na njia yenyewe, hapo, ni vishimo tu vya kutia vidole vya miguu. Mtu humpiti hapo, labda uwe nzi.

Abrehet alimtazama kutoka chini, akacheka mpaka shuka likamteleza kichwani. Nyuma yake binti yake Tsigereda, mwenye mtoto mgongoni, naye akaanza kucheka, kisha akakumbuka kilichowaleta.

"Mama, jua linapanda."

Kweli lilikuwa linapanda. Mtoto wa kike hubatizwa siku yake ya themanini, na ya themanini ndiyo hii leo. Abrehet alikuwa hajalala vizuri tangu kitukuu cha jirani kufariki kabla ya kubatizwa. Alishaapa kwamba huyu wake hatapitisha siku, hata iweje. Kule juu, katika kanisa la Mikaeli lililochongwa ndani ya jabali, mashemasi walikuwa wanaimba tangu alfajiri. Padri mzee magoti yamemwisha, kashushwa kwa kamba, na padri mpya anaanza leo. Ibada ikiisha kabla hawajafika, basi tena. Nyumbani mikate ya himbasha ilikwishaokwa, na majirani walikuwa wameshaanza kuinusa.

Abrehet akalainisha sauti. "Mwanangu, umetoka wapi?"

Jibu likatoka kwenye jiwe. "Mekele."

"Umekuja kuliona kanisa letu?"

"Ndiyo, nimekuja kuliona, mama. Walioniambia niende hawakusema kwamba liko ukutani."

"Watu wa mjini hao! Haya, sikiliza. Inua mguu wa kushoto, uweke juu kidogo. Si huo, huo ni wa kulia! Ee Mikaeli, huyu hata miguu yake haijajuana."

Tsigereda akaangua kicheko, mtoto akarukaruka mgongoni. Mgeni akapanda kishimo kimoja. Akaganda tena.

"Mama," akasema, "yule padri wenu wa zamani. Hivi kweli hakuanguka?"

"Hapa hajaanguka mtu. Mikaeli anashika."

"Alikuwa anapanda mara ngapi?"

"Kila siku. Kwaresima mara mbili."

Mgeni akatoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa.

"Sasa wewe yanakuhusu nini?" Abrehet akamwambia. "Utapanda leo, utashangaa picha za malaika, utashuka, utaenda zako kujisifu mjini. Mwenye kazi ni huyo mpya. Na huyo tumemwona asubuhi tukiwa kisimani! Mrefu, ndevu mpaka kifuani, kilemba cheupe pe, furushi mgongoni, anaparamia jabali kama pimbi. Huyo ndiye mwanamume! Tungeletewa mwoga kama wewe, watoto wetu wangeota mvi bila ubatizo."

"Kweli kabisa, mama," mgeni akasema kwa unyonge.

"Si ndiyo? Basi sogea!"

Hakusogea. Abrehet akaona maneno hayatoshi. Akatia bega chini ya makalio ya mgeni, akasema, "Kwa jina la Baba!" na akasukuma kwa nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo.

Mgeni akapiga ukelele. Mkono wake ukaparaza juu, ukapata tundu, mguu nao ukapata la kwake, na kufumba na kufumbua alikuwa ameketi kwenye ukingo wa juu. Akafumbua macho. Tai walikuwa wanaruka chini yao, na mashamba ya shayiri huko mbali yalikuwa madogo kama viraka vya kanzu. Akatazama, akapepesuka akiwa amekaa, akaanza kucheka.

Hakikuwa kicheko cha mtu mzima. Kilimtoka puani, kikamtoa machozi. "Niko hai! Mama, niko hai!"

"Uko hai, ndiyo, toka njiani!" Lakini Abrehet naye kilikuwa kimeshamwambukiza. Mama na binti wakapanda, kisha wote wakapita ule ukingo mwembamba wameshikana mikono, watatu na kichanga, wote wanacheka ovyo, hawajui wanachokicheka, na kila aliyejaribu kunyamaza akamtazama mwenzake akaanza upya. Tsigereda, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu ajifungue, alilia na kucheka kwa pamoja. Sauti za mashemasi zikaanza kusikika jiweni. Walikuwa bado wanaimba! Wamewahi!

Mlangoni, kwenye kivuli, ameketi yule mrefu mwenye kilemba na ndevu, furushi limefunguliwa kando yake. Alikuwa anatafuna shayiri ya kukaanga. Padri anakula kabla ya ibada? Abrehet akajiambia kwamba ya wakubwa hayamhusu. Akamtwaa mtoto mgongoni kwa mama yake, akamwacha mgeni akihema huko nyuma, akapiga magoti na kusogeza midomo, akingoja anyooshewe msalaba aubusu.

"Baba, utubariki. Leo ndiyo siku yake."

Yule mrefu akaificha mikono yake mgongoni upesi.

"Mama, mimi nauza punda. Nimembebea mavazi tu. Nilichungulia nikawaona: padri ndiye huyo uliyemsukuma makalio."

Nyuma ya Abrehet ikaja sauti ya Mekele, bado inayumba kwa kicheko. "Mlete mtoto, mama. Ila tukimaliza, nakuomba, usiniache nishuke peke yangu."