Ofisi ya Kioo ya Ngiri

Ngiri alipopewa ukuu wa mbuga, alitaka ofisi ya kioo kitupu ili kila apitaye amwone alivyokaa. Akamwita Mchwa, fundi wa vichuguu.

"Mheshimiwa," Mchwa alisema, "tuache matundu chini yaingize hewa baridi, na mengine juu yatoe joto. Upande wa magharibi tujenge upenu mpana, jua lisipige ukuta."

"Matundu ni ya wachimba udongo kama nyinyi," Ngiri alibeza. "Ziba kote! Nitaweka kiyoyozi."

Mchwa akaziba, akaenda zake. Kiangazi kilipoingia, kiyoyozi kilinguruma siku tatu, kikala umeme wote wa mbuga, kikazima. Ngiri akatokota mle ndani kama muhogo, huku wapita njia wakimtazama. Siku ya nne alitimua mbio hadi kwenye kichuguu.

"Nifungulie, fundi, nakufa!"

"Karibu, Mheshimiwa, ila mlango wetu ni mdogo. Itaenea pua tu."

Ngiri akaingiza pua, akavuta hewa baridi. Aliona aibu, lakini pua hakuitoa. Tangu hapo wanyama wenye malalamiko hupanga foleni juani, wakayaeleza kwa makalio ya mkuu wao, naye huwajibu kwa mkia.