Vibarua wa Chumba cha Chini

Mama Ngiri alikuwa anamenya viazi Kanga alipoingia mbio.

"Sheria imepita," alisema. "Ukikutwa na kibarua asiye na alama ya msitu sikioni, unanyang'anywa shimo lako."

Mama Ngiri alikuwa na vibarua wanne, fuko kutoka ng'ambo ya mto, waliomchimbia vyumba vyote. Alama hawakuwa nayo. Hata masikio ya kutiwa alama hayakuonekana.

"Shukeni chumba cha chini, mnyamaze," aliwaambia.

"Tutatoka lini, mama?"

"Kesho." Akabingirisha jiwe mlangoni pa chumba hicho, likakwama.

Fisi mkaguzi alifika, akanusa kuta. Chini ya sakafu kitu kilikuwa kinakwaruza.

"Nini hicho?"

"Mizizi, mzee. Inakua."

"Inakua haraka," alisema Fisi. Akacheka, akaaga.

Mama Ngiri alipakua viazi, akawaita wanawe watatu. Waliitika kwa sauti ndogo, chini ya miguu yake. Kumbe walikuwa wamelala kule chini tangu mchana, wakikimbia joto.

Akalisukuma jiwe kwa meno. Halikutikisika. Kuchimba hakujua; maisha yote alichimbiwa. Sauti zikafifia, na kukwaruza nako kukakoma.

Kisha sakafu ikapasuka kando ya jiko. Fuko wakawatoa watoto mmoja mmoja, wazima, udongo puani.

"Kaeni mle chakula, nyote," alisema Mama Ngiri. Akaongeza sahani nne, akahesabu vichwa kwa sauti. "Watatu na wanne, saba. Wote wapo."

"Saba," aliitikia Fisi mlangoni. Hakuwa ameondoka.