Mkaguzi wa Kilima cha Rafaeli

Mwanamke aliyeshuka kwenye bodaboda alivua viatu, akachutama, akaweka udongo wa Rafaeli kwenye ncha ya ulimi. Akautema.

"Vipi?" Rafaeli akauliza.

"Nimewahi kula mbaya kuliko huu."

Rafaeli akashusha pumzi. Tangu alfajiri alikuwa amevaa shati la kanisani. Barua ya mradi wa kuhifadhi ardhi, kutoka ofisi yao ya mjini Raskazone, ilisema leo watakuja kukagua kilima kizima: msitu wa juu, shamba la katikati, kijito cha chini na watu wanaoishi humo, kwa kuwa vyote ni kitu kimoja. Kilima kikishindwa, nusu ya juu itafungwa, isilimwe tena. Nusu ya juu ndiko kwenye iliki na pilipili manga. Nusu ya chini kuna mawe.

Mgeni hakutaja jina, na Rafaeli hakuuliza. Mkaguzi haulizwi jina, hukaribishwa.

"Karibu, mama. Tuanzie wapi?"

"Yanakoanzia maji."

Wakapanda. Alikuwa mtu mzima, sitini na kitu, lakini alipanda kama mbuzi.

"Huku juu umeacha msitu. Uvivu au akili?"

"Akili, mama. Mvua ikinyesha, mizizi inayashika maji, yanashuka taratibu."

"Na ule mstari wa miti unaokatiza shamba?"

"Ule ni ushoroba. Unaunganisha msitu wangu na ule wa ng'ambo. Ndege hondohondo wanapita humo, wanatupandia mbegu bure. Mbega nao wanapita."

"Wanakula ndizi zako?"

"Kidogo."

"Unawapiga mawe?"

"Nawatukana tu."

Mama yule akafunga fundo kwenye pindo la kanga yake. Rafaeli alishangaa, maana wakaguzi wa siku hizi huandika kwenye simu. Akadhani ni utaratibu mpya.

Kwenye makinga maji aliomba ndoo ya maji, akaimwaga yote mteremkoni. Maji yalikimbia hatua tatu, yakakuta majani ya guatemala yaliyopandwa kushika udongo, yakatulia. Fundo jingine.

Kijitoni alipima kwa miguu: hatua kumi na tano toka kwenye maji, jembe halijagusa.

"Huyo jirani yako mbona amelima mpaka majini?"

"Yona? Nimemsema, mama. Udongo wake wote unaishia mtoni."

"Akakujibuje?"

"Eti nikaoe, nimwache apumue."

Mama yule akakohoa kidogo. Akafunga mafundo mawili kwa mpigo.

Kisha akaingia jikoni. Alifunua sufuria, akanusa makande, akafunga fundo la tano. Akatazama paa kama linavuja, akafunga la sita. Akaenda chumbani, akalibonyeza godoro kwa ngumi.

"Godoro nalo linakaguliwa?"

"Wewe unaonaje?"

Rafaeli akaikumbuka barua: na watu wanaoishi humo. Akanyoosha shuka.

"Unalala upande gani?"

"Wa ukutani."

"Unakoroma?"

"Sijui, mama. Miaka mitano sasa hakuna wa kuniambia."

Fundo la saba lilifungwa pole pole kuliko yote. Wakarudi jikoni. Mama akaketi kwenye kigoda, akayahesabu mafundo mara mbili, kama anayetafuta kosa.

"Saba," alisema. "Yule wa Pangani aliishia mawili. Na moja nilimwonea huruma."

Rafaeli akamsogelea. "Kwa hiyo nimefaulu? Nusu ya juu haifungwi?"

Kabla hajajibiwa, simu ikalia.

"Shikamoo, mzee Rafaeli. Tunapiga kutoka kwenye mradi. Tusamehe sana, gari limetuharibikia Muheza. Tutakuja kukagua kesho asubuhi."

Rafaeli akaishusha simu taratibu. Akamtazama mgeni wake, ambaye tayari alikuwa anachochea kuni.

"Mama, wewe umetumwa na nani?"

"Nimejituma. Shamba la marehemu mume wangu liliishia mtoni lote, nikala dhiki miaka ishirini. Nikaapa, mume wa pili nitamkagua kwanza." Akapuliza moto. "Hao wa kesho wako wangapi, niwapikie?"